Mikono Kichwani, Kobe Anapita

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotuaga ukisema unakwenda kufundisha, moyo ukakugomea kabla hujafika darasani. Tulipokaa kuandika haya tulidhani yatakuwa ya machozi matupu. Machozi yapo, usitie shaka. Dada yako peke yake ana ya kutosha kuoshea gari. Lakini mwaka huu kilichotujaa hadi kooni ni kinyaa. Na wewe mwenyewe ulituambia kwamba kitu kikinuka hakipuliziwi manukato. Kinatafutwa kilipo, kinatolewa.

Tuanze na wema wako, usije ukasema tumekusahau kwa hasira.

Uliwafundisha watoto wa watu kutengeneza roboti pale chuoni, na bomba la jikoni kwako likavuja mpaka unazikwa. Mama alipolalamika ulimjibu, "Mke wangu, bomba halina akili. Mimi nashughulika na vitu vyenye akili." Naye akakwambia, "Basi wewe na bomba mnafanana, kaeni pamoja." Ukacheka mpaka ukafuta miwani. Hukulitengeneza.

Ulikuwa huwezi kupita jalala bila kusimama. Ulirudi na mifuko imejaa nyaya, springi, na betri ulizosema "zina uhai bado". Kila mwanafunzi wako ulimwamuru atembee na bisibisi mfukoni, hata harusini. Ulisema mtu asiye na bisibisi ni mtazamaji tu.

Na Kobe, roboti yako, je? Kobe alizaliwa juu ya meza yetu ya chakula. Gamba lake ni mfuniko wa sufuria kubwa ya Mama. Magurudumu yake uliyang'oa kwenye kigari cha kitinda mimba wako, mtoto hajaanza hata kutembea vizuri. Mota yake kubwa ni ya wipa ya gari letu. Kuanzia siku hiyo, kila mvua ikinyesha, Mama alikaa kiti cha mbele na kitambaa, mkono nje ya dirisha, akifuta kioo na kukuelekeza kwa heshima zote: "Mheshimiwa Mhadhiri, kulia kwako kuna lori. Mheshimiwa Mhadhiri, hilo lori lina haraka kuliko wewe."

Ukampeleka Kobe chuoni, akawa mtihani. Kila mwaka wanafunzi walimwandikia akili mpya, kisha unamweka mwanzo wa ile koridoo ndefu, umepanga viti ovyo katikati, na yeye lazima afike mwisho peke yake. Mwaka wa kwanza ulirudi nyumbani umenuna. Ulisema, "Wananidanganya. Mkono uko chini ya meza una rimoti, Kobe anakwenda kama malaika."

Mama, aliyekuwa akifundisha chekechea tangu kabla hujamwoa, hakuinua hata macho kwenye kazi zake. "Kwangu wakianza kuibiana penseli, nasema mikono kichwani. Mikono ikiwa kichwani, mwizi hana kazi."

Kesho yake watu wazima wenye ndevu wakasimama koridooni mikono kichwani, nawe katikati yao, mikono yako kichwani pia, na lile kovu la kuungua kidevuni limeng'aa kwa furaha. Ikawa sheria. "Mikono kichwani, Kobe anapita!" Waliofundishwa na wewe, ukilisema neno hilo hata sokoni, mikono inapanda yenyewe. Na kila mwaka uliwakumbusha: "Roboti ikigonga ukuta ikafikiri, hiyo ni mwanafunzi. Ikisukumwa, hiyo ni toroli."

Unamkumbuka Ngongoti, yule kijana mrefu aliyekuwa akiinama kila mlango. Siku ya mtihani wake Kobe aligonga kiti kimoja, akarudi nyuma, akakigonga tena, akarudi, akakigonga. Ngongoti machozi yakamtoka, akataka kumsogeza kwa mguu. Ukamwambia, "Mwache. Ana haki ya kukosea." Kisha ukamuuliza kwa nini Kobe anagonga, naye akaeleza kosa lake mwenyewe bila kuficha hata chembe. Ukampa alama kuliko wote. Ulipofariki, Ngongoti ndiye aliyepewa darasa lako. Tukafurahi. Tukasema kazi iko mikono salama.

Baba, shika tumbo sasa, maana hapa ndipo kinyaa kinapoanzia.

Mwezi uliopita mkuu wa idara alikuja nyumbani. Unamjua, yule Bwana Marashi, harufu inaingia kwanza, mwili unafuata. Alikaa kwenye kiti chako bila kuambiwa. Akakusifu mpaka Mama akaanza kujikuna. Kwamba ulikuwa nguzo, ulikuwa taa, ulikuwa sijui mnara. Sisi tuliokuwa tunakusikia ukija kutoka kwenye vikao vyake umevimba kwa ghadhabu, tulijua hicho ni kilemba cha ukoka, na tena anamvika mtu aliye kaburini.

"Mama, tumejenga maabara mpya," akasema. "Tunataka ibebe jina lake. Wewe ndiye utakayevuta kamba."

Hatutakuficha: Mama alilitaka jina lile. Alilitaka kama mtoto anavyotaka maziwa. Alijiona akipita mbele ya mlango ule na wajukuu, akiwaonyesha. Lakini alijikaza. "Nina sharti moja. Siku hiyo Kobe atembee. Peke yake."

"Mama! Kobe ndiye mgeni rasmi!"

Mama akanunua viatu vipya. Akawaambia walimu wenzake wote. Watoto wa chekechea wakamchora Kobe kwa chaki za rangi, mmoja akamwekea masikio.

Siku ikafika. Kitu cha kwanza Mama alichokiona mlangoni ni picha yako, kubwa kama kitanda. Baba, walikuvalisha tai! Wewe, ambaye hata siku ya harusi yako uliivua kabla ya keki. Kovu la kidevu wamelifuta. Meno wameyapaka weupe hata yanaumiza macho. Mama akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni marehemu, Mama," Marashi akasema. "Tumemng'arisha kidogo."

"Kwani alikuwa mchafu?"

Marashi akacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Ndani palinuka zulia jipya na dawa ya kupulizia hewa. Zulia, Baba! Wewe uliyetaka sakafu tupu ili Kobe asikike akigonga. Hapakuwa na waya hata mmoja, wala tone la risasi ya kuchomelea, wala mtu mwenye mafuta vidoleni. Meza zilivishwa vitambaa vyeupe mpaka chini. Mama akapewa kiti cha mbele, na pembeni yake Marashi akaketi na kipande cha keki, akakila kwa mdomo wazi mpaka krimu ikamfika kidevuni. Alipomaliza alitafuta kitambaa, hakukiona. Akachukua ratiba ya shughuli, ile yenye sura yako mbele, akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine. Mama aliona krimu imekwama kwenye nyusi zako. Mate yakamjaa mdomoni, yale mate ya kabla ya kutapika. Akaichukua ratiba yake mwenyewe, akaikunja taratibu, akaiweka kwenye pochi, akafunga zipu.

Hapo ndipo dada yako aliporudi. Alikuwa ametoka kutafuta choo. Alipita katikati ya wageni akihema, akainama kwa Mama na kile kinong'ono chake kinachosikika mtaa wa pili.

"Wifi, nimemwona Kobe."

"Yuko wapi? Anaandaliwa?"

"Anaandaliwa nini! Nilifungua mlango nikidhani choo, kumbe stoo ya mafagio. Wamembebesha ndoo ya kudekia. Na tambara bichi juu yake, linamdondokea maji machafu. Gamba lote limeota ukungu. Wifi, haja niliyokwenda nayo imerudi ilikotoka."

"Nyamaza kwanza," Mama akasema.

Marashi akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, Mwalimu wetu hakufa! Kobe amezaliwa upya! Roboti hii inafikiri yenyewe, kama alivyotufundisha!"

Pazia likafunguka. Kikatoka kidude cheupe, kinang'aa kama sinki la bafuni, macho mawili ya buluu, kimebeba shada la maua ya plastiki. Kikateleza juu ya zulia. Kikakwepa kiti. Kikakwepa kiti kingine. Kikafika mbele ya wafadhili, mmoja akasimama, nacho kikainama kumsalimu saa ileile. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma akasema, "Hebu ona, kina adabu kuliko wanangu!"

Mama hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama njia yake. Maisha yake yote na wewe hajapata kuona roboti isiyogonga kitu hata mara moja. Kobe alikuwa akigonga, anasimama, anafikiri, mota ya wipa inaguna kama mzee aliyeamshwa. Kidude hiki hakikufikiri hata kidogo. Kilikuwa kinajua. Na kitu kikijua kila kitu namna hiyo, kuna mtu nyuma yake.

Akamtafuta Ngongoti. Alikuwa meza ya pembeni, uso umempauka kama majivu, ameinamisha kichwa. Mkono mmoja juu ya meza. Wa pili uko chini ya kitambaa.

Baba, Mama anasema hapo alisikia kinyaa ambacho hajawahi kukisikia. Picha ya uongo angeivumilia, na krimu angeifuta. Lakini huyu ulimlea wewe. Huyu ulimwambia, mwache, ana haki ya kukosea.

Kidude kikawa kinaelekea kwenye picha yako na lile shada. Mama akasimama. Na kwa sauti ile iliyonyamazisha vizazi na vizazi vya watoto wenye makamasi, akasema:

"Mikono kichwani!"

Laiti ungeona! Wote uliowafundisha ukumbini humo, wahandisi wenye vitambi, wahadhiri, binti mmoja aliyekuwa anakunywa soda, mikono ikapanda. Soda ikammwagikia. Hawakufikiri, ilipanda tu. Na Ngongoti naye, mikono yake mirefu yote miwili, juu ya kichwa. Chini ya meza kikasikika kitu kimeanguka, kikabingirika kikatokea kwenye kitambaa. Rimoti.

Kidude kikaganda palepale, kimeinama, shada la plastiki limekugusa puani pichani.

Marashi, ambaye hakupata kukaa darasani kwako, alibaki na mikono chini, yeye na wafadhili wake.

"Ni... ni hitilafu ndogo ya mtandao," akasema.

"Hitilafu ina vidole?" Mama akamuuliza.

Kisha akamgeukia Ngongoti. Kijana alikuwa bado na mikono kichwani, machozi yanamshuka, hana cha kuyafutia.

"Mama, nisamehe. Haijawa tayari. Nilimwambia Mkuu tunahitaji muhula mwingine. Akaniambia wageni hawaji kutazama roboti ikigonga viti."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikachukua rimoti."

Marashi akamshika Mama kiwiko, akamwongoza mlangoni lilipo bango limefunikwa kitambaa, kamba inaning'inia. Mdomo wake ulikuwa bado una krimu. "Mama, tusiharibu shughuli kwa jambo dogo. Wewe vuta kamba tu. Jina lake litabaki hapa milele. Yeye mwenyewe angependa."

Kweli wahenga walisema, maiti haulizwi sanda.

Mama akaishika kamba. Sisi wanao tulikuwa nyuma yake na tulijua anachokipima. Akivuta, jina lako litakaa juu ya mlango ule, na chini yake watoto wa watu watafundishwa kuficha mkono. Asipovuta, hakuna mlango mwingine duniani utakaoandikwa jina lako. Si mlango, si kiti, si hata choo. Alisimama nayo kamba mkononi.

Akaiachia.

"Nani ana bisibisi?"

Baba, mikono ikashuka vichwani ikaingia mifukoni. Zikatoka bisibisi fupi, ndefu, za mpini mwekundu, yule binti aliyemwagikiwa na soda akachomoa yake kwenye mkoba wa harusi. Mama hakuchukua hata moja. Akanyoosha kidole.

"Ngongoti. Wewe una urefu. Lishushe."

"Mama, huwezi!" Marashi akapaza sauti. "Wageni wanatazama!"

"Watazame. Si walikuja kuona kitu kinachokwenda bila rimoti?"

Ngongoti akafungua skrubu, moja moja, akamkabidhi Mama bango lako kwa mikono miwili. Mama akalikwapua, akalitia kwapani kama kitabu cha mahudhurio, akaenda moja kwa moja stoo ya mafagio. Dada yako mbele, anaonyesha njia kana kwamba amezaliwa humo.

Alikuwepo kweli, Kobe wetu. Mama akaiinua ile ndoo. Marashi akafika mbio, marashi yenyewe yamegeuka jasho.

"Hiyo ni mali ya chuo!"

"Mota ni ya gari langu," Mama akasema. "Nimefuta kioo kwa mkono miaka yote hii. Mfuniko ni wa sufuria yangu, mpaka leo nafunikia sahani. Magurudumu ni ya mwanangu. Cha chuo ni hiki." Akamwekea ndoo mkononi, na lile tambara bichi akalitandaza vizuri juu ya mkono wake wa koti. "Nimekurudishia chote."

Tukaondoka. Dada yako ndiye aliyembeba Kobe, akasema hajawahi kubeba mtoto mzito na mchafu namna ile tangu akubebe wewe.

Tusikudanganye kwamba dunia imenyooka. Tumesikia maabara imepewa jina la mfadhili, yule aliyeinamiwa. Kidude cheupe kinaendelea kupokea wageni, kinainama, wanapiga makofi. Wamepata mkono mwingine wa kuweka chini ya meza; mikono ya namna hiyo haikosekani. Picha yako yenye tai iko ukutani bado, meno yanametameta. Kila tukiikumbuka tunataka kusukutua mdomo.

Ngongoti alikuja Jumamosi iliyofuata. Alisimama getini mikono kichwani, hajabisha hodi. Mama alimwacha hapo akamaliza kuanika nguo zote. Kisha akamwambia, "Shusha, utaota kibiongo." Hakumwambia amemsamehe. Alimpa kitambaa na sabuni, akamwonyesha Kobe alipo. Sasa anakuja na wanafunzi wake, wanatandaza nyaya barazani, na amemwambia Marashi kwamba mtihani wa mwaka huu ni koridooni, mikono kichwani, la sivyo atafute mwalimu mwingine. Huenda atamtafuta kweli. Ngongoti anajua hivyo, na safari hii hajachukua rimoti.

Bango lako lipo jikoni. Mama amelitundika juu ya lile bomba. Sasa bomba lina jina lako, na bado linavuja.

Leo asubuhi, siku yako, tulimweka Kobe sebuleni. Mota ya wipa ikaguna, akaanza safari. Akaenda moja kwa moja akagonga mguu wa kiti chako. Akarudi nyuma. Akakigonga tena. Hakuna anayekaa kwenye kiti hicho tangu akikalie yule Bwana Marashi, na Mama alikisugua kwa maji ya moto. Kitinda mimba wako akainuka akisogeze.

"Mwache," Mama akasema. Sauti haikuwa ya chekechea. "Mikono kichwani."

Tukasimama wote, tumejipanga ukutani kama wezi waliokamatwa, mikono kichwani. Kobe akagonga. Akasimama. Tukasikia bomba likidondosha maji jikoni. Kisha akageuka, pole pole, akakizunguka kiti chako, akapita.

Wanaokukumbuka ni Mama, ambaye sufuria yake haina mfuniko na hataki mwingine. Dada yako, mwenye machozi na sauti. Wanao watatu, fundi wa lifti, muuguzi, na kitinda mimba uliyemwibia magurudumu. Wajukuu zako, ambao wameanza kuokota betri jalalani, Mungu atusaidie. Ngongoti na wote wenye bisibisi mfukoni.

Hutatutoka moyoni, Baba, mwaka huu wala miaka ijayo. Mikono yetu iko kichwani. Pita.